Faili la Marangu

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo watu huniuliza mara kwa mara niliianzaje: kazi ya kufukua mashauri ya zamani, mauaji ya zamani na hukumu za zamani, na kuziandika. Wengi wanaoniuliza ni vijana wanaotaka kuifanya wenyewe. Nitawajibu, ila nitawapitisha kwanza kwenye habari ya watu wawili walionyongwa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, mmoja mwaka 1891 na mwingine mwaka 1892.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa sababu ya karanga. Nilikuwa stendi ya Ubungo nasubiri basi la Tanga, nikanunua karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi, kama tunavyofanya wengi, nione imeandikwa nini. Ilikuwa karatasi ya mahakama. Mwandiko wa wino, Kiswahili safi, mwaka 1968. Shahidi wa tatu, mwanamke, anaapa, anasema. Alisikia mayowe upande wa mpaka wa shamba, akatua ndoo yake, akakimbia. Mstari wa mwisho ulisema: nilipofika kisimani nilimkuta. Ukurasa ukaishia hapo.

Nilipanda basi na karatasi ile mfukoni. Njia nzima hadi Tanga nilikuwa nawaza: alimkuta nani? Alikuwa hai? Mama yule alikula kiapo mbele ya hakimu, karani akayaandika maneno yake neno kwa neno, na miaka mingi baadaye maneno yale yakafungiwa karanga. Iliniuma, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo kila nikiona karatasi ya zamani naisoma kwanza kabla sijaitupa.

Sasa, sisi wasomaji wa Kiswahili tunapenda hadithi za upelelezi tangu zamani. Muhammed Said Abdulla alitupa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Mwandishi mwenzake, Katalambulla, akatupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Vijana wa wakati ule walivikodi vitabu hivyo kwa zamu. Lakini angalia: tuna wapelelezi wengi wa kubuni, na tuna waandishi wachache mno wa uhalifu uliotokea kweli katika nchi yetu. Uhalifu wenyewe haukukosekana. Mafaili yapo. Wanaoyasoma ni wageni zaidi kuliko sisi, nao wakiandika, wanaandika kwa lugha zao na kwa wasomaji wao.

Na kuna tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Bwana Msa humaliza kazi yake. Anakaa, anavuta kiko, anatueleza nani kafanya nini na kwa nini. Mtafiti wa uhalifu wa kale hapewi zawadi hiyo mara nyingi. Mashahidi wamekufa, na aliyeandika faili alikuwa na sababu zake za kuandika hivi na kuacha vile. Inabidi uipende kweli kwa namna nyingine, uipende hata pale inapokunyima mwisho mzuri wa hadithi.

Twende Marangu.

Carl Peters wengi mmemsoma shuleni. Mjerumani, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1856. Ndiye aliyefika pwani yetu mwaka 1884 na wenzake, wakapita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami wakikusanya alama za machifu kwenye mikataba iliyoandikwa Kijerumani. Februari 1885 Kaisari akaitia muhuri kazi hiyo kwa hati ya ulinzi, na huo ndio ukawa mlango wa ukoloni wa Kijerumani kwetu. Shuleni tunafundishwa mikataba, tunaulizwa mikataba kwenye mtihani, tunafaulu. Habari ya Marangu hatufundishwi.

Mwaka 1891 Peters alipelekwa Kilimanjaro akiwa kamishna wa dola, akaweka kituo chake Marangu. Hapo kituoni alikuwapo mtumishi mmoja aliyeitwa Mabruk. Walikuwapo pia wasichana wa Kichagga, ambao Peters na Wajerumani wenzake waliwaweka kama masuria. Mmoja wao faili linamwita Jagodia.

Oktoba 1891 Peters aliamuru Mabruk anyongwe. Sababu aliyoitoa ilikuwa wizi. Jagodia alitoroka kituoni. Alikamatwa, akarudishwa, akachapwa viboko, na Januari 1892 naye akanyongwa kwa amri ya mtu yuleyule. Safari hii neno lililotumika lilikuwa uhaini. Maelezo mengine yaliyosambaa, hadi yakafika Ulaya, ni kwamba Peters aligundua Mabruk na Jagodia wana uhusiano, akawaua wote wawili kwa wivu.

Hapa ndipo namtaka kijana anayetaka kazi hii anisikilize kwa makini. Ukisikia kisa hiki mara ya kwanza, moyo wako unakimbilia kwenye wivu. Ni hadithi inayojieleza: bwana mkubwa, msichana, mtumishi, kamba. Kitabu kinajiandika. Lakini jiulize, ni kipi kilicho mkononi mwako kama ushahidi, na ni kipi unachokipenda kwa sababu kinafaa hadithi? Kunyongwa kwa wawili hawa Peters mwenyewe hakukana. Tarehe zipo. Amri ni yake. Hayo ni mawe ya msingi. Nia iliyokuwa moyoni mwake ni jambo la pili, na lazima liandikwe kama jambo la pili. Mwandishi anayechanganya hayo mawili anaijenga nyumba yake juu ya mchanga, na mvua ikija nyumba inaondoka pamoja na yale mawe ambayo yalikuwa imara.

Na mvua ilikuja. Machi 1896, katika Bunge la Ujerumani, August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, alisimama akaieleza nchi nzima yaliyotendeka Marangu. Bunge likachafuka. Lakini pamoja na mambo ya kweli, Bebel alitaja barua. Alisema Peters alimwandikia Askofu Tucker, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana, akikiri uhusiano wake na yule msichana, na kudai kwamba alimwoa kwa mila za Kiafrika na kwa hiyo alikuwa na haki ya kuadhibu uzinzi. Askofu Tucker alikana: hakupata barua ya namna hiyo. Barua yenyewe haikuonekana.

Msikilizaji, huo ndio msiba unaoweza kumpata mtafiti yeyote. Bebel alikuwa upande wa haki. Waliouawa waliuawa kweli. Lakini kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuwapo, marafiki wa Peters walipata wimbo wa kuimba kwa miaka mingi: mmeona, ni uongo mtupu, wamemzulia shujaa wetu. Barua ya Tucker ikawa pazia la kufunika kamba mbili.

Tangu niisome habari hiyo nimejiwekea sheria, nayo nawapa bure. Ushahidi unaokupendeza ndio wa kuuchunguza mara tatu. Ule unaokuudhi utauchunguza tu, huna haja ya kukumbushwa, maana unatafuta kosa ndani yake. Ila ile karatasi inayokuja na kila kitu ulichokuwa unakitamani, imeandikwa vizuri, imekamilika, adui anakiri mwenyewe kwa mkono wake, hiyo iweke mezani, uiulize: wewe umetoka wapi? Nani alikuona kwanza? Nani alikutunza? Nani alifaidika ulipotokea?

Peters alifikishwa mbele ya mahakama, lakini msidanganyike na neno hilo. Ilikuwa mahakama ya nidhamu ya watumishi wa serikali. Mwaka 1897 alipatikana na hatia ya kutumia vibaya madaraka, akafukuzwa kazi, na rufaa yake ikashindwa mwaka huohuo. Kwa kesi ya mauaji hakushtakiwa. Yaani kwa sheria ya wakubwa wake, kosa lake lilikuwa kama la karani aliyevunja kanuni za ofisi. Akaenda kuishi London, akawa anatafuta dhahabu upande wa Zambezi. Mwaka 1905 Kaisari akamrudishia cheo chake cha heshima. Mwaka 1907 alikuwa mahakamani Munich, yeye sasa ndiye mlalamikaji, akimshtaki mhariri wa gazeti kwa kumkashifu. Mwaka 1914 akapewa na pensheni. Akafa mwaka 1918. Mwaka 1937, Hitler aliifuta hukumu ile ya 1897, na mwaka 1941 Wanazi wakamtengenezea filamu ya kumtukuza, yenye jina lake.

Mwanzoni nilipokuwa nafuatilia habari hii, mfululizo huo ulinikasirisha tu. Baadaye nikaona kwamba kila hatua ya kumsafisha Peters iliacha karatasi nyuma yake. Mjadala wa bunge uliandikwa neno kwa neno, na leo kumbukumbu za Bunge la Ujerumani zimewekwa kwenye intaneti, unaweza kuzisoma ukiwa Mbeya. Mahakama ya nidhamu iliita mashahidi. Kesi ya Munich ikawaita tena wengine. Mtu anayejitetea sana huongea sana, na mtafiti anakaa pembeni na penseli yake.

Nimesema penseli. Hilo ni jambo la kweli la kazi hii. Chumba cha kusomea nyaraka hakiruhusu kalamu ya wino. Ukienda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, unaenda na penseli, kibali chako cha utafiti, na subira. Mafaili ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki kwetu yamo humo, na orodha yake ilichapishwa Marburg mwaka 1973. Yale ya ofisi kuu ya makoloni yako Berlin. Nairobi, jengo la nyaraka lipo Moi Avenue, watu wanalipita kila siku wakienda kupanda matatu. Zanzibar nao wana nyaraka zao, zenye hazina kubwa kwa anayesoma Kiarabu.

Hapo ndipo vijana wengi huishia. Wanakuja na moto, wanafungua faili la kwanza la Kijerumani, wanakuta mwandiko unaofanana na nyayo za kuku. Huo ndio mwandiko wa zamani wa Wajerumani, Kurrent. Wajerumani wa leo wenyewe, wengi wao hawausomi bila kufundishwa. Unajifunza herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na humohumo katikati ya Kijerumani utakutana na barua za majumbe na maliwali, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo mtoto aliyekaa chuoni kwa maalimu wake anampita profesa wa Ulaya. Nawaambieni hili kwa sababu nataka mjue kwamba mnayo silaha ambayo wengine hawana. Lugha ya mashahidi wengi wa kale wa nchi hii ni lugha yenu.

Msidhani faili peke yake ndilo shahidi. Kilwa Kivinje watu watakuonesha Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyonga akina Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mwembe ulihifadhi jina la kitendo. Wazee wetu washairi nao waliandika. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi na kutwaliwa kwa Mrima, katika miaka ileile mambo yalipotokea, Bushiri, aliyeongoza vita hivyo, akiwa amenyongwa Desemba 1889. Utenzi una kanuni zake, mshairi anatafuta vina, lakini alikuwapo. Na Peters mwenyewe watu walimpa jina: Mkono wa Damu. Jina la namna hiyo nalo ni maelezo ya shahidi, ingawa halina kiapo.

Nitoke kidogo Kilimanjaro niende Mto Tana, kwa sababu nataka mwone jinsi karatasi ya serikali inavyoweza kusema uongo mchana kweupe. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, Kenya, wafungwa 11 wa Mau Mau walikufa. Taarifa ya serikali ya kikoloni kwa magazeti ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Mtafiti mvivu angeichukua taarifa ile, ina nembo, ina tarehe, ina namba ya kumbukumbu, akaandika: walikufa kwa maji. Lakini ulifanyika uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu, madaktari walipima miili, na ukweli ukatoka: walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Ripoti ya daktari wa maiti, msikilizaji. Ukiipata ripoti ya daktari wa maiti, weka taarifa ya msemaji pembeni kwanza.

Na kuna mafaili yaliyofichwa. Wakati wa uhuru Waingereza walisafirisha nyaraka wasizotaka tuzione. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walipokuwa wameishitaki serikali ya Uingereza London, ndipo ilipokiri kwamba ina mafaili ya makoloni yake ya zamani katika eneo liitwalo Hanslope Park. Miaka 50 karibu, yamekaa pale. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Wanahistoria walitoa ushahidi katika kesi ile, akiwamo David Anderson, ambaye miaka michache kabla alikuwa amesoma majalada ya mahakama ya Wakenya walionyongwa wakati wa Hali ya Hatari, watu 1,090, akaandika kitabu juu yao. Mtu anayesema kazi hii ni ya kuchimba makaburi bure, nampa mfano huo.

Lakini ni mfano gani unaosomwa zaidi duniani kuhusu uhalifu wa Kenya ya kikoloni? Ni kifo cha Lord Erroll, mlowezi wa Kizungu. Januari 24, 1941, nje kidogo ya Nairobi, alikutwa ndani ya gari lake amepigwa risasi. Sir Jock Delves Broughton akashtakiwa, akaachiwa Julai 1 mwaka huohuo. Vitabu juu ya kisa hicho ni vingi, filamu ikatengenezwa mwaka 1987. Waliolikuta gari lile alfajiri walikuwa Waafrika waliokuwa wakipeleka maziwa kwa lori. Katika kurasa zote hizo za mapenzi na mvinyo, wao wanapita kama vivuli. Simlaumu anayeandika kuhusu Erroll. Aliuawa, na aliyeuawa anastahili kuulizwa habari zake. Naulizia tu uwiano: bwana mmoja, rafu nzima ya vitabu, Mabruk na Jagodia, aya moja katika kitabu cha maisha ya mtu aliyewaua.

Mwandishi mmoja aliyenifundisha kuligeuza jambo hili ni Hallie Rubenhold. Kitabu chake The Five kilitoka mwaka 2019, kikapata tuzo kubwa ya Baillie Gifford mwaka huohuo. Ni juu ya wanawake watano waliouawa London mwaka 1888 na yule muuaji anayeitwa Jack the Ripper. Watu wameandika juu ya muuaji yule kwa zaidi ya miaka 100, wakibishana alikuwa nani. Rubenhold akasema hapana, tuwaangalie waliouawa: walizaliwa wapi, waliolewa na nani, walifikaje mitaa ile. Muuaji hakumpa nafasi. Akachimba kumbukumbu za ndoa, za hospitali, za nyumba za maskini, na akaonesha kwamba wengi wao hawakuwa vile magazeti yalivyowaita.

Niliposoma kitabu kile nilirudi kwenye maandiko yangu ya Marangu nikaona aibu. Nilikuwa na kurasa 40 juu ya Peters, na nusu ukurasa juu ya waliokufa. Nilikuwa najua shule aliyosoma muuaji. Nikaanza upya, nikaanza na jina la Mabruk. Wa pwani mnalijua jina hilo, Mabruki, mbarikiwa, jina ambalo watumwa wengi walipewa na mabwana zao. Mabruki mmoja alisafiri na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Kwa hiyo jina lile peke yake linanipeleka kwenye safari za wapagazi na kwenye soko la watumwa, mbali na meza ya kamishna wa Kijerumani. Ni hatua ndogo. Lakini ni hatua ya kumwendea yeye.

Kuna jambo jingine, na hili sikulisoma kitabuni. Nilikwenda kijiji kimoja cha Usambara kufuatilia mauaji ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na nakala ya hukumu mkobani, nimefurahi kama mwindaji. Nikaamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikakaribishwa kahawa, nikaanza kueleza: mshtakiwa alifanya hivi, mshtakiwa alificha panga pale. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, huyo unayemwita mshtakiwa ni babu wa mke wangu. Yuko ndani hapo anakupikia." Nilinyamaza. Yule bibi alileta chakula, tukala, na hakuna neno lililosemwa juu ya kesi mpaka naondoka.

Niliirudia safari ile mara tatu. Mara ya tatu bibi ndiye aliyezungumza, kwa hiari yake, na alichosema kiliifanya hukumu ile isomeke vingine kabisa. Sikukiandika. Aliniambia nisikiandike akiwa hai, na yu hai, na ninamwombea umri. Kijana anayetaka kuandika uhalifu wa kale lazima ajue kwamba wafu wana wajukuu, na wajukuu wana majirani. Faili limefungwa serikalini, nyumbani bado liko wazi. Ukikosa adabu ya kungoja, tafuta kazi nyingine. Nasema hivyo bila kuficha.

Kungoja kwenyewe kuna malipo yake. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Kichagga, pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake umekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi, kwa kuwa inasimuliwa kwamba kilipelekwa Ujerumani. Makumbusho ya Berlin yalikuwa yameshika mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Watafiti wakakaa na madaftari ya zamani ya mafuvu hayo, wakasoma yalitoka wapi, nani aliyatuma, kisha wakapima vinasaba vya baadhi yake na kuvilinganisha na vya watu walio hai Kilimanjaro. Septemba 2023 ikatangazwa kwamba mafuvu matatu yamepatiwa ndugu zao. La Meli halikuwamo. Lakini familia za Kichagga zilipata kuambiwa, huyu ni wenu. Kilichowafikisha pale ni mwandiko mdogo kwenye daftari na mtu aliyekubali kuusoma taratibu.

Na Berlin kuna mtaa uliopewa jina la Peters wakati wa utawala wa Hitler, mwaka 1939, Petersallee. Mwaka 1986 wakuu wa mji wakasema sasa jina hilo ni la Peters mwingine, Hans Peters, na kibao kikabaki vilevile. Wakazi na wanaharakati, weusi kwa weupe, wakapigania kwa miaka. Agosti 2024 kibao kikashushwa. Sehemu moja ya mtaa ule sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke shujaa wa Namibia, na sehemu ya pili inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa jina la vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Nilifurahi kusikia Kiswahili kimepata kibao Berlin. Kisha nikajiuliza ni lini Marangu nako patawekwa jiwe la wale wawili.

Ninalo ombi moja kabla muda haujanitupa mkono. Jagodia, nilivyolitaja jina hilo usiku huu, nimelitaja kama karani wa Kijerumani alivyoliandika. Kwa Kijerumani herufi ile ya kwanza husomwa kama y, kwa hiyo huenda aliyeliandika alisikia Yagodia. Wengine waliliandika Jagodja. Alikuwa binti wa Kichagga, alikuwa na mama aliyemwita kwa sauti jioni arudi nyumbani, na sauti ile haikuwa ya Kijerumani. Wewe unayenisikiliza Marangu, Kilema, Kirua au Old Moshi, kama kuna bibi pale nyumbani anayejua majina ya zamani ya wasichana wa mlimani, mwulize kesho asubuhi. Mtamkie jina hili taratibu. Akilitambua, mwombe alitamke yeye, kisha liandike kama alivyolitamka, uweke na tarehe, na jina la bibi aliyekuambia.